Ripoti ya Fundi Viatu

Jenerali kasema redioni: tumefuzu.
Mimi Makokha, fundi wa nje ya geti la Lanet,
ripoti yangu imo guniani.

Mabuti thelathini na moja.
Matope mekundu hadi kwenye matundu ya kamba;
kumbe walivuka mpaka na masika mgongoni.
Nani aliyeshika kalenda?

Soli zimeachia gundi, bado nene:
aliyepewa tenda hajawahi kutembea.
Visigino vizima, ncha zimelika.
Hawa hawakupiga gwaride,
walisukuma malori.

Wakitaka kujua walivyopigana, waniulize.
Hawaji.

Moja halina mwenzake.
Ndani, kwenye karatasi ya sabuni,
namba ya simu ya mtu wa Njoro.

Nimelishona hata hivyo, nikalipaka rangi.
Bei sijaandika.