Mkate wa Jana

Daktari alipiga mstari chini ya neno *mafuta*.
Enid Wragg akaikunja karatasi, akaisukumia chini ya mizani,
akafungua kabati kutafuta mkate wa jana.

Si wa leo. Wa leo hulegea.
Wa jana una subira.

Anaondoa ganda, anaupanga bakulini kama bitana ya koti,
kisha rasiberi, na beri nyeusi za ua wa jirani,
zimechemka dakika tatu kwa maji yake zenyewe.
Sahani juu. Juu ya sahani, jiwe la ratili mbili.
Usiku kucha.

Bibi yake, Thirza, aliosha vyungu
katika jumba la tiba ya maji, kilimani, Derbyshire.
Matajiri walioshiba shahamu miaka thelathini
walifungwa shuka za baridi, wakanyimwa siagi.
Mgonjwa haulizwi uji,
lakini Jumapili waliuliza wao: kitamu kiko wapi?
Jikoni palikuwa na mkate mkavu na ndoo ya matunda.

Thirza hakudai kuvumbua kitu.
Aliwakuta wenzake wakifanya, nao hawakujua walimwiga nani.
Daftarini aliandika: *pudini ya wagonjwa*.
Mkono mwingine, wino mwingine, ukafuta *wagonjwa*,
ukaandika *kiangazi*,
na wazima wakaanza kuomba waongezwe.

Asubuhi Enid anaipindua. Inagoma,
halafu inashuka, pwata.
Ubavuni, kidoa cheupe: maji ya matunda hayakufika.
Anakipaka rangi kwa kijiko,
haraka, kama anayesahihisha tahajia,
anakula papo hapo, amesimama.