Cheche za Gerezani

Kaka yangu Shomvi hununua chuma chakavu Gerezani.
Hakusoma kemia. Ana grenda, miwani yenye ufa,
na jicho lisilohongeka.

Mtu huleta kipande, huapa kwa kaburi la mamaye
kuwa ni reli ya mkoloni. Shomvi hamjibu.
Hukigusisha kwenye jiwe linalozunguka, basi:
cheche ndefu, zenye matawi, kina kaboni nyingi.
Fupi, nyekundu, zafa karibu, chuma cha kusubu.
Giza tupu: "Shaba hii. Au wewe mwizi."

Mimi niko Mlimani, ghorofa ya pili,
feni ikizungusha joto lile lile,
na masalia ya nyota iliyopasuka
kabla babu wa babu yetu hajapewa jina.
Kipande chake sina. Nina mwanga,
nimeupeta hadi umejitenga:
oksijeni huku, silikoni, salfa,
kalsiamu, kimstari chembamba
kama unywele kwenye ugali.

Na chuma? Vitabu vinasema moyoni.
Miezi minne nimekitafuta moyoni.
Kiko nje. Ukingoni kabisa,
kimevipita vyote vilivyokuwa vimekifunika.
Dakta Kaanaeli akaandika kwa wino mwekundu: Rudia.
Nikarudia. Umeme ukakatika.
Nikarudia.

Jumamosi nikashuka na karatasi yangu.
Shomvi akafuta mikono kwenye suruali,
akaishika kichwa chini miguu juu, akaigeuza.
"Hivi vilima ndivyo cheche?"
"Ndivyo."
"Cha chuma kipi?"
Nikamwonesha: hiki, kilichosogea kando ya mahali pake
kwa kuwa hata sasa kinatujia, mbio.
Akanyamaza. Grenda ya jirani ikalia, ikanyamaza nayo.
"Mtungi wa gesi," akasema, "haupasuki pande zote sawa.
Huachia penye udhaifu, na cha ndani hutangulia.
Acha kutafuta moyo. Tafuta palipoachia."

Kisha, kwa mzaha, akaitandaza nyota yangu kwenye mizani.
Mshale haukutikisika.
"Siwezi kununua," akanirudishia.

Leo naanza upya, upande mmoja baada ya mwingine.
Juu ya kilima cha chuma, kwenye karatasi,
kuna alama ya dole gumba, nyeusi kwa kutu na grisi.
Sijaifuta.