Makofi ya Shilingi Mbili

Ochwo aliutunga Jinja, zamu ya usiku,
kwa penseli ya kuhesabia majora,
maana vitambaa vya kufuma vilimsemesha
taka-taka-ta, taka-taka-ta,
hadi maneno yakaja yenyewe, machache:
*Njoo Nabirye, njoo, taa zimewaka.*
Basi Nabirye, kama jina lisemavyo,
alikuwa mama wa mapacha, tena mke wa msimamizi.
Ochwo aliapa kwamba jina liliingia tu kwenye pigo.

Bwana Jivraj, muuza gramafoni,
alitufungulia ghala Jumapili.
Marobota ya pamba hadi darini, yameze mwangwi.
Maikrofoni moja, imening'inizwa kwa mpira wa baiskeli.
Wandera na ngoma zake akasukumwa mlangoni,
nusu mwili ndani, nusu juani.
Gitaa likachomekwa kwenye redio yenye valvu mbovu
likakoroma kama paka aliyefungiwa kabatini.
"Nitaitengeneza," akasema Bwana Jivraj.
"Iache," akasema Ochwo.

Mimi na Asianzu tulikuwa wa makofi.

Mara ya kwanza, lori la miwa likapiga honi.
Mara ya pili, nilicheka.
Bwana Jivraj akafuta jasho, akahesabu sahani
zilizobaki: moja.
Katikati ya mara ya tatu, waya ukakatika,
ukamchapa Ochwo kidoleni,
naye badala ya kusimama akapiga ukelele
ambao haukuwa kwenye karatasi,
haukuwa Kidhopadhola wala Kiswahili,
na Wandera, mjinga yule, akauitikia kwa ngoma
kana kwamba walipanga tangu utotoni.

Tulilipwa shilingi mbili mbili.
Mimi nilinunua chumvi na ndara.
Wimbo ukawekwa upande wa pili wa sahani,
jina la Ochwo likaandikwa Osho,
na msimamizi akausikia hotelini, chai mkononi.
Mwezi haukuisha, Ochwo akahamishiwa Soroti,
kwenye ghala lisilo na mashine hata moja.
Sikuwahi kumuuliza Nabirye.

Juzi mjukuu wangu kaupata, sijui wapi,
kanisikilizisha kwenye simu yake.
Umejaa mikwaruzo, kama mtu anakaanga karanga.
Baada ya ukelele, sikiliza vizuri,
makofi yote yanaanguka pamoja
isipokuwa moja, limechelewa.
Nilikuwa namtazama kidole kinavuja damu.