Kabla ya Barafu

Kajaani. Asubuhi, bado giza.
Magongo yamesimama mlangoni.
Maji yanachemka, si ya chai:
natumbukiza kinga ya meno, inalegea.

“Uma, Venla. Hesabu hadi thelathini.”

Anahesabu kwa vidole, macho yamemtoka,
mate yakimchuruzika kidevuni.
Analalama: inanuka mpira,
inamfanya aongee kama mlevi,
na Eetu, mlinda lango wa kina Rautio,
mbona yeye havai?

Simjibu.
Nalitoa jino langu la pembe,
naliweka mezani kando ya siagi,
namchekea kwa pengo
nililolipata barafuni nikiwa na miaka tisa.

Anacheka mpaka kinga inadondoka.
Kisha anaiokota,
anaisuuza,
anaiuma tena
na safari hii anahesabu hadi hamsini.