Kipimo cha Masikio

Waliniita Swoboda Sikio,
mtoto wa mashamba ya mahindi, Nebraska,
niliyeweza, nikiwa bado kitandani,
kutambua ni ng'ombe yupi anakohoa zizini.
Jeshi la majini likaiona mali hiyo, likaichukua.
Likaniketisha chini ya sitaha ya manowari,
kwenye chumba kisicho na dirisha,
vidude viwili vya mpira vikinibana kichwa,
likasema: sikiliza maji.

Maji hayanyamazi. Hilo hawakunifundisha chuoni.
Uduvi hutatarika kama mafuta kikaangoni,
mkondo huguna, chuma cha meli hujikuna chenyewe.

Siku mbili kabla, mchana kweupe, walikuja kweli:
boti tatu kutoka ile pwani ya kijani,
mikia ya povu nyuma yao.
Risasi moja ikatoboa bati letu,
tundu la kuingia kidole.
Mpishi Tuttle akatia chake, akacheka
cheko la mtu aliyeikwepa fimbo.
Basi usiku wa tarehe nne Agosti
tulikuwa tumekwisha kuwaona kabla hawajaja.
Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humtisha.

Mvua. Mawingu yameinama kama dari ya ghala.
Rada ilitema vidoa, ikavimeza, ikavitema.
Kwenye waya sauti ya juu ikaniuliza:
Swoboda, umesikia nini?
Haikuuliza, je, umesikia.
Iliuliza nini.

Meli ikakata kona kwa nguvu zote
na hapo nikaisikia, nyembamba, kali, inakuja.
Nikasema: Torpedo.
Tukageuka kuikwepa,
na katika kugeuka nikasikia ya pili.
Nikasema. Tukageuka. Nikasikia.
Tulizunguka hivyo mpaka usiku wa manane
kama mbwa aliyefungwa kopo mkiani
akilikimbia kopo.
Mizinga ikalipiga giza. Giza halikuvuja damu.

Kabla ya alfajiri Luteni Hasbrouck alishuka,
kahawa ikicheza kikombeni mwake,
akauliza polepole, kama mtu anayepapasa jino bovu:
"Ile sauti. Ilikuja kila tulipogeuka?"
Nikafikiri.
"Ndiyo, bwana."
"Na tulipokwenda moja kwa moja?"
Sikujibu. Akatazama ukuta.
Usukani wetu wenyewe, rafadha yetu wenyewe,
maji yakisukumwa na kurudi.
Alituma ujumbe: hatuna hakika, ngojeni kupambazuke.
Lakini neno langu lilikuwa limekwisha kufika bara,
limenyoa ndevu, limevaa tai,
linapigiwa saluti milangoni.
Ndege zilikuwa zimekwisha kuruka.

Sikuikanyaga pwani ile.
Kulikuwa na mtu huko, lazima alikuwepo,
akipanga samaki na chumvi kwenye pipa,
akimgombeza mtoto asimwage.
Masikio yangu yote hayo, na yeye sikumsikia.

Leland Kubicek, wa shamba la jirani,
tuliyekuwa tukishindana kurusha marobota ya nyasi,
alirudi mwaka wa sitini na saba, sandukuni.
Mama yake aliniwekea sahani ya maandazi ya plamu,
akakaa mkabala nami, mikono juu ya aproni.
"Wewe ulikuwepo mwanzo. Walituanza, sivyo?
Uliwasikia."
Andazi lilikuwa bado moto.
Nilitafuna kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.
"Niliwasikia, mama," nikasema.
Akaniongezea la pili.

Wiki iliyopita mke wangu amenipeleka kliniki,
amechoka kurudia maneno.
Binti mmoja, mpole, kucha za zambarau,
akanifungia kwenye chumba kisicho na dirisha,
akanivika vidude viwili, siku hizi ni laini.
"Mzee, bonyeza kitufe kila utakaposikia mlio."
Nikafumba macho. Nikabonyeza.
Nikabonyeza.
Jasho likanitoka kwapani, nikabonyeza.

Alipofungua mlango alikuwa ameshika karatasi,
anaisoma, anaisoma tena.
"Nimekupigia milio tisa," akasema.
"Wewe umebonyeza mara thelathini na moja."
Kisha akachuchumaa mbele ya kiti changu,
bila ubaya wowote, akitaka tu kujua:
"Hiyo mingine, mzee,
ulisikia nini?"