Kamba ya Pili

Kamba ya kwanza ilikuwa ya katani,
ya kufungia magunia ya karanga, soko la Sabasaba.
Nilikuwa na miaka kumi na minne na simu isiyo yangu.
Walinifunga mikono nyuma, wakanifunga kwenye nguzo,
na mtu mmoja akaenda kutafuta tairi.
Alichelewa. Ndiyo maana nasimulia.

Ya pili ni ya buluu.
Imenizunguka kiuno, imepita mapajani,
na mwalimu Chiwanga anaikagua kwa vidole viwili
kama fundi anayepima mshono.
"Umeshikwa vizuri," anasema.
Neno hilo nililijua kwa maana nyingine.

Tuko kumi na mmoja, milima ya Chenene,
siku ya nne tangu lori litushushe Haneti
na afisa ustawi atusainie kama mizigo.
Hatuna simu. Hatuna gundi.
Usiku Ndahani anatetemeka,
anasema ni baridi, nasi tunakubali kwamba ni baridi.
Maji tunayachimba mchangani, kwenye korongo kavu,
goti chini, kwa zamu, kwa bakuli la bati,
na anayechota wa kwanza hunywa wa mwisho.
Sheria ni hiyo moja.
Jana nilichota wa kwanza.
Nilitazama makoo kumi yakipanda na kushuka
nikawachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina.
Kisha kikombe kikanifikia,
na kilikuwa kimejaa.

Sasa jiwe.
Juu yake pimbi wanaota jua.
Mjini pimbi lilikuwa jina letu:
walinzi walituita hivyo, na madereva wa bajaji,
na baba wa kambo wa Mloha, kila siku, mezani.
Chiwanga anasema, mtazameni vizuri.
Nyayo zake hutoka jasho,
na jasho ndilo linalomshikisha kwenye mwamba.
Viganja vyangu vimelowa tangu alfajiri.

Nauliza nani ameshika upande wa pili.
Damari.
Damari wa Chang'ombe, ambaye mama yake huuza karanga
Sabasaba, kwa kipimo cha kopo la maziwa.
Magunia yale. Kamba ile.
Sijui kama anajua.
Ana macho ya mtu anayejua ila hana haraka.

Mguu wa kushoto, ufa.
Mkono wa kulia, kitu chenye ncha, sijui nini.
Upepo wa huku hauvumi, unadai,
unabisha hodi shatini kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Nusu ya njia goti linaanza kucheza kama cherehani.
Natazama chini: sufuria letu la uji
limekuwa kifungo cha shati.
Mkono unateleza.

Hakuna anayepiga kelele ya mwizi.
Kamba inakaza.
Naning'inia kama kibuyu, nazunguka polepole,
Haneti, mwamba, Haneti, mwamba,
na kule chini Damari, visigino vimezama kwenye kokoto,
mwili wote ameulaza nyuma, meno nje.

"Nilikuwepo siku ile," anasema. Hasemi kwa upole.
"Kamba yetu haikurudi. Mama akanichapa mimi."

Sina jibu. Nazunguka.

"Panda au shuka. Mikono inauma."

Sikufika juu.
Nasema wazi, maana wafadhili wakija wataulizia kilele.
Nilishuka, nikaifungua kamba,
nikaikunja kama tulivyofundishwa, mkunjo juu ya mkunjo, bila fundo,
nikamrudishia mkononi.
Aliikagua urefu wote, taratibu,
kama mtu anayehesabu hela za deni la zamani
na kukuta pungufu.

Kisha akajifunga yeye.
Akanipa upande wa pili,
akageukia jiwe bila kunitazama.

Nikatafuta kokoto kwa visigino.