Sisimizi

Mama Aikande aliileta picha ndani ya kitabu cha nyimbo,
hadi studioni kwangu Kiboriloni,
kona moja imeliwa na unyevu wa Old Moshi.
Kipaimara cha bintiye: watu kumi na mmoja mbele ya nyumba,
na pembeni kabisa, hatua nne mbali na wenzake,
Eliamani. "Wangu wa tatu," akasema. "Msogeze."

Nikaiskani. Nikavuta kipanya polepole
kuuzunguka ukosi, sikio, kiwiko,
suruali ya kuazima inayompwaya magotini,
na nilipofunga duara sisimizi wakaanza kutembea:
vidoti vyeusi na vyeupe, foleni isiyofika popote,
wakimzunguka kijana kama aliyemwagikiwa asali.

"Ni wadudu hao?"
"Ni mpaka, mama. Ndani yake naweza lolote.
Kumgeuza, kumpunguza, kumrefusha."
"Usimrefushe. Alikuwa mfupi, na alijua."

Basi nikamsogeza tu.
Akateleza juu ya nyasi bila kuzikanyaga,
akapita kreti la soda, akapita kiti cha babu kitupu,
akafika begani kwa dada yake.
Nikamwinamisha nyuzi mbili, asionekane amegandishwa.
Alipotoka pakabaki tundu jeupe la umbo lake.
Nikachota majani ya kahawa upande wa kushoto, nikaziba,
jani lilelile mara sita; mwenye jicho atalijua.

Begi nililisahau.
Begi la mistari, pale pale miguuni alipokuwa,
na kivuli chake, kirefu, cha saa kumi,
vyote viwili vikimsubiri mtu kwenye nyasi.

"Ndiyo siku aliyokwenda Mererani," akasema.
"Gari lilikuwa linapiga honi. Mimi napakua ndizi.
Sikugeuka."

Nikashika kipanya nifute. Akanishika mkono,
kiganja kigumu, harufu ya mafuta ya taa.
"Begi liache. Na hicho kivuli.
Niliyemwita ni yeye. Hivyo havijanikosea."

Akalipa elfu sita; mia tano akaahidi siku ya soko.

Jioni, kabla sijazima mashine,
nikaifungua tena, nikaweka alama kule pembeni,
hatua nne mbali, kwenye majani niliyoyapanda mimi.
Sisimizi wakaja mara moja.
Hawakuuliza kama kuna mtu.